Wageni wa Ndani wa Nchi ya Uwazi

Namna Nyamizi alivyofika nchi ya Uwazi tusiiulize, maana hata yeye mwenyewe akiulizwa huishia kucheka na kuomba maji ya kunywa. Yatosha kujua kwamba alikuwa msusi wa nywele, mwenyeji wa Sikonge, binti mwenye subira ya kukaa kutwa nzima juu ya kichwa kimoja, na kwamba siku moja alijikuta ndani ya maji ya bwawa, mdogo kuliko punje ya mtama, anapumua kama kawaida, amesimama kwenye lango la nchi asiyoijua.

Watu wa Uwazi nao ni wadogo hivyo hivyo. Kwa umbo wanafanana na uduvi: gamba laini mgongoni, papasi mbili ndefu za kupapasia kichwani, mkia uliogawanyika, na jicho moja tu, jekundu, katikati ya paji la uso. Hawatembei. Wanaruka, wanatulia, wanaruka tena, kama watu waliokanyaga mchanga wa moto. Lakini kilichomshangaza zaidi Nyamizi ni kwamba miili yao inapenyeka kwa macho kama glasi. Mtu akila, unaliona tonge linavyoshuka. Akikasirika, unauona moyo unavyopiga.

Mlinzi wa lango alimzunguka Nyamizi mara kadhaa.

"Macho mawili," akasema. "Moja likiona, la pili linafanya kazi gani?"

"Linahakikisha," akajibu Nyamizi.

"Huku hatuhakikishi, mama. Utachoka bure." Kisha akaliinamia tumbo la Nyamizi, akalikazia jicho, akarudi nyuma. "Mbona huonekani ndani?"

"Kwetu wote tuko hivi."

"Kama ukuta!" akasema yule mlinzi kwa heshima kubwa, na tangu hapo jina la Nyamizi likawa Bi Ukuta.

Alipangishwa kwa mama mmoja muuza mwani aitwaye Chururu, mfupi, mwenye sauti ya kufika mtaa wa pili. Chururu alibeba mifuko miwili ya mayai ubavuni, mmoja kila upande, kama mtu aliyetoka kisimani na ndoo mbili, na ilikuwa imejaa hadi inamyumbisha. Nyumba hiyo alikaa na mdogo wake wa kiume, Povu.

Nchi ambayo kila kitu kinaonekana ilibidi itunge sheria ya kuonekana. Inaitwa Sheria ya Jicho, nayo inasema hivi: kilicho ndani ya mtu ni mali ya mtu huyo, na mwenye kukitaja amekiiba. Mwizi wa namna hiyo hufungwa kitambaa jichoni akazungushwa sokoni, anajigonga kwenye meza za watu huku watoto wanashangilia. Basi watu wa Uwazi wamejizoeza tangu udogo kuzungumza huku wakitazama juu ya bega la mwenzao. Nyamizi alidhani wana dharau, mpaka alipojua kuwa ndiyo adabu.

Yupo hata Mkaguzi Mkuu wa Matumbo. Nyamizi alimkuta kazini. Watu wamepanga mstari, yeye amewapa mgongo, na kila mmoja akifika anasema, "Uko salama. Anayefuata!"

"Baba, si ungegeuka?" Nyamizi alimwuliza.

"Nikigeuka nitaona," Mkaguzi akajibu kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Na nikishaona, nitakuwa nimeona. Kazi itaharibika."

Sasa, kilichokuwa hakitajwi ni hiki. Ndani ya watu wengi wa Uwazi, katika ile nafasi iliyo kati ya utumbo na gamba, alikaa kiumbe mwingine. Kwa mmoja alikuwa kidoa cheupe tu. Kwa mwingine alikuwa uzi uliojikunja. Kwa mwingine alijaa kuanzia shingoni hadi mkiani, mwenye nyumba akawa hana hata pa kuweka pumzi. Nyamizi hakuhitaji kufundishwa na mtu. Walikuwa minyoo.

Lakini huko wanaitwa wageni wa ndani, na salamu ya nchi ni, "Hamjambo, wa nje na wa ndani?" Nawe unajibu, "Wa nje hajambo, wa ndani kalala." Aliye na mgeni ni mtu mwenye watu, anapishwa njiani, anasema barazani. Asiye naye anaitwa nyumba tupu, na nyumba tupu haina neno mbele ya wakubwa. Chururu alikuwa nyumba tupu. Mwenyewe alieleza siku ya kwanza, anachambua mwani, bila kuinua sauti, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi.

"Wanaingia kwa mdomo, shoga yangu. Ipo Siku ya Shanga. Shanga zinashuka kutoka juu, zina manyoya, zinazunguka, zinacheza. Tamu, wanasema! Watu wanakanyagana. Mimi kitu kinachocheza mdomoni sikitaki. Nikitafuna nataka kitulie."

"Na zinatoka kwa nani?"

"Kwa Mpokezi." Chururu akaelekeza papasi juu.

Huko juu, mahali maji yanapoishia na mwanga unapoanzia, lilikuwa likipita tumbo jeupe, kubwa kama wingu la masika, linapepea mapezi. Nyamizi, aliyekula samaki tangu ameota meno, alilitambua mara moja.

"Yule si perege?"

"Usimtaje!" Chururu akamziba mdomo kwa bonge la mwani. Kisha akaongeza polepole, "Kila mtu anajua. Ndiyo maana hatajwi."

Siku ya Shanga yenyewe Nyamizi aliiona kwa macho yake yote mawili. Shanga zilianguka kweli, na zilianguka kutoka upande wa nyuma wa Mpokezi, jambo ambalo nyimbo za taifa zimeliruka. Watu walirukia kama kuku waliomwagiwa mchele. Nyamizi alimwona Povu, aliyekuwa tayari na mgeni mmoja mwilini, anakwenda kinyonge, anafungua mdomo kama anayepiga miayo, na shanga moja ikajiingilia yenyewe. Alipotazama vizuri aliiona ikishuka kooni, ikafika tumboni, ikavua yale manyoya yake, ikauchoma utumbo kwa vikulabu, ikapenya, ikatulia upande wa pili, karibu na yule mwenzake mkubwa. Povu hakushtuka. Alikwenda kulala.

"Alikuwa hivi tangu zamani?" Nyamizi aliuliza.

"Povu?" Chururu akacheka, kisha cheko likamkatikia njiani. "Povu alikuwa mwehu! Harusi isiyokuwa na Povu watu wanaondoka mapema. Alikuwa anamwigiza Waziri anavyoruka, tumbo mbele, hivi, mpaka Waziri mwenyewe akamwita amwigizie. Halafu akala shanga. Akawa mpole. Haruki ovyo, hatoki, hajibu. Majirani wakaja kunipongeza: mdogo wako amekua, amekuwa mtu mzima. Nikapokea pongezi, nifanyeje? Nikawapikia."

Ndivyo inavyokwenda, na Nyamizi, kwa kuwa alikuwa mtu wa kutazama, aliielewa baada ya kukaa. Mgeni akiwa mchanga anamtuliza mwenye nyumba. Anamfanya ajifiche, asijionyeshe, asifanye mzaha wa kujihatarisha, maana nyumba ikiliwa mapema, mgeni naye kwisha. Wizara ya Wageni inaita hali hii Busara. Wanawake wenye wageni mifuko yao ya mayai inasinyaa na kuning'inia mitupu, na Wizara inaita hali hiyo Mapumziko. Kisha mgeni anakomaa. Hapo mwenye nyumba anabadilika ghafla: anapenda mwanga, anaruka mchana kweupe, hasikii woga, anataka juu, juu, juu. Hali hii inaitwa Maono. Mwenye Maono anavishwa nishani, anapigiwa ngoma, na anaruka kwenda kwa Mpokezi mbele ya taifa zima. Lango linafunguka, anaingia.

"Na wanarudi?" Nyamizi alimwuliza Waziri wa Wageni, Mheshimiwa Kizibo, siku alipoitwa kusalimiana naye.

"Hata mmoja!" Waziri akasema kwa fahari. "Pangekuwa pabaya si wangerudi? Ungekuwa wewe, Bi Ukuta, umefika pazuri namna hiyo, ungerudi?"

Waziri Kizibo alikuwa mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine, kutegemea wageni wake wamelalia wapi. Alimheshimu sana Nyamizi. Kwa kuwa ndani yake hapaonekani, nchi nzima iliamini amebeba wageni wasiohesabika.

"Unao wangapi hasa?" akanong'ona.

"Sijui, Mheshimiwa."

"Unyenyekevu!" Waziri akawaambia wasaidizi wake. "Mmesikia?"

Yote haya Nyamizi angeyachukua kama maajabu ya safari, akayaweka moyoni, akaenda zake. Lakini asubuhi moja Povu alitoka ndani kwa kishindo, akaangusha meza ya mwani, akapaza sauti, "Mwanga! Dada, mbona tunakaa gizani? Mwanga!" akaruka juu kama risasi. Chururu akaachia kila kitu akamfuata, mifuko yake ya mayai ikimgonga. Hakumfikia. Nyamizi aliona lile tumbo jeupe huko juu likigeuka taratibu.

Povu alipofika nusu ya njia, akasimama. Akapiga miayo. Papasi zikamlegea, akaanza kushuka chini, laini, kama jani. Alipofika kwenye matope akajikunja, akasema, "Hapa ndipo pazuri, msinisumbue." Hajakaa sawa, akafumbua jicho: "Mwanga!" Akaruka tena. Na nusu ya njia, tena, miayo.

Mchana kutwa ilikuwa hivyo. Watoto walikaa kutazama wakaanza kuimba, "Povu anapanda, Povu anashuka." Chururu alikaa chini pale mdogo wake anapoangukia, akawa anamdaka kila akishuka. Hakuwa na utani tena.

"Wanagombana humo ndani," alimwambia Nyamizi. "Mkubwa amekomaa, anataka kwenda. Mdogo bado mchanga, anataka kujificha. Shoga, mdogo wangu anapasuka katikati. Na mmoja akishinda, ndiyo basi. Akishinda yule mkubwa, Povu ninaye leo, kesho sinaye."

Alikuwa ameshavunja Sheria ya Jicho mara tatu kwa pumzi moja. Hakuna aliyemsikia, maana majirani wote, kwa adabu, walikuwa wanatazama pembeni.

Wizara ililichukua tatizo hilo kama jambo la kisheria. Nishani ya Povu ilikuwa imeshatengenezwa. Mwenye Maono anayeshuka ni aibu kwa taifa. Na mwenye Busara anayeruka ni mfano mbaya kwa vijana. Baraza likaitishwa, Waziri Kizibo akakaa katikati, na kila mgeni akapewa wakili wake. Povu naye aliletwa, na kwa kuwa hakuweza kutulia, kesi iliendeshwa watu wote wakiinua na kushusha vichwa.

Wakili wa Mgeni Mkubwa alianza. "Waheshimiwa, wa nje na wa ndani! Mteja wangu amekaa kwa subira. Amekula kilichopo, hakulalamika. Sasa amekomaa, kulabu zake zimekamilika, anadai haki moja tu: kuondoka na nyumba yake. Mgeni atazuiwaje safari na mtoto aliyefika juzi?"

"Apande!" wakashangilia wengine, na Povu, kama aliyewasikia, akapanda.

Wakili wa Mgeni Mdogo akajipiga kifuani. "Mteja wangu bado laini kama uji! Akifikishwa kwa Mpokezi leo atasagwa asionekane. Ndiyo ukarimu wa Uwazi huu? Mtoto wa watu tumemkaribisha, kisha tumtupe? Akae, alelewe, na huyu mzee angoje."

"Angoje mpaka lini? Atazeeka!"

"Kuzeeka ni kubaya kwake, kusagwa uji ni kuzuri kwetu?"

"Unamwita mteja wangu mzee mbele ya watu?"

"Na wewe ulimwita wangu mtoto!"

Povu akashuka akipiga miayo. Chururu, aliyekuwa mlangoni na nyumba tupu wenzake, hakuweza kuvumilia. "Na mwenye mwili je?" akapaza sauti. "Mnagawana nyumba, mwenyewe yumo!"

"Nani huyo anasema?" Waziri akauliza, akitazama juu ya bega lake.

"Nyumba tupu, Mheshimiwa."

"Basi hakuna aliyesema. Tuendelee."

Nyamizi alikuwa amepewa kiti cha mbele, kwa sababu ya wageni wake wengi. Alisimama, moyo unamwenda mbio, akashukuru kwamba hauonekani. "Mheshimiwa, mimi ninauliza hilo hilo. Povu mwenyewe anataka nini?"

Swali likitoka kwa nyumba tupu ni kelele, likitoka kwa Bi Ukuta ni hoja. Waziri akakuna papasi. "Hoja ya pekee. Haijawahi kuulizwa. Aulizwe!"

Wakamvizia Povu anashuka, wakamwuliza. Povu akawatazama. Kwa muda mdogo sana Nyamizi aliona jicho lile jekundu likitulia, likawa jicho la mtu mwenye maneno yake, na lilikuwa linamtafuta Chururu mlangoni.

"Mimi nataka…" akasema. Halafu mwili ukamvuta. "…mwanga!" Akapanda. Wakangoja. Akashuka. "Nataka… kulala."

"Majibu mawili," Waziri akatangaza. "Moja la mgeni mkubwa, moja la mgeni mdogo. Mwenye nyumba hakuwa na la kusema. Ahsante, Bi Ukuta, umetusaidia kuona kuwa swali halikuwa la lazima." Akashauriana na tumbo lake kidogo. "Baraza limeamua. Aliyetangulia ametangulia. Mgeni Mkubwa ana haki. Mdogo atapewa pole na taifa. Povu atapanda na wenye Maono wenzake kesho jua likiwa kichwani, na asipande nusu. Akipiga miayo asukumwe."

Ngoma zikapigwa. Mlangoni, Chururu hakulia. Alimchukua mdogo wake kama mzigo wa mwani, akaenda naye nyumbani.

Asubuhi Nyamizi alimkuta amekaa nje, amemfunga Povu mkiani kwa utepe wa mwani ili asipande, anamtazama. Utepe ulikuwa umekatika mara kadhaa na kuungwa.

"Nimekaa hapa natazama kitu," Chururu akasema. "Jana wakati wa kesi sikukiona, nilikuwa na hasira. Tazama na wewe."

Karibu na mguu wa meza palikuwa na gamba moja la samaki, limedondoka kutoka juu na kuzama nusu kwenye matope. Jua lilipopenya maji, gamba lile likametameta. Na kila lilipometameta, Povu aligeuka. "Mwanga!" akasema, akarukia chini, akaligonga kwa paji la uso, akatulia hapo kama mtoto aliyefika kifuani kwa mama yake. Wingu likipita gamba linazima, na Povu anageuka tena kuelekea juu.

"Hataki juu," Chururu akasema polepole. "Huyo mkubwa wake hajui juu wala chini. Anajua mwanga tu."

Wakatazamana, macho matatu.

Nyuma ya soko, kwenye matope marefu, lilikuwapo gamba la kome aliyekufa zamani, kubwa kama uwanja, limelala kifudifudi. Watu walilipita kila siku wakidhani ni mwamba. Chururu aliwaita nyumba tupu wote wa mtaani, wanawake wenye mifuko iliyojaa na vijana wachache wasiopenda vitamu, na kwa ile sauti yake ya kufika mtaa wa pili akawaambia, "Leo tunapamba!"

"Tunapamba nini?"

"Sherehe. Shika huku. Ewe, shika, gamba haliumi!"

Walifukua, wakavuta, wakateleza, wakacheka, wakavuta tena. Nyamizi alivuta nao mpaka matope yakamfika kwenye nywele. Mara gamba likaitika, likapinduka kwa mlio mzito, na upande wake wa ndani ukatazama juu. Ndani ya gamba la kome ni laini, jeupe, lenye waridi na kijani kwa mbali, na mwanga ukilifika hauishii hapo, unarudi umeongezeka.

"Mnafanya nini hapa?" Alikuwa Mkaguzi Mkuu wa Matumbo, amepita kwa bahati mbaya.

"Tunapamba, baba," akasema Chururu.

Mkaguzi akaona mng'ao unaanza. Kwa mazoea ya kazi yake yote, akageuka akawapa mgongo. "Mko salama," akasema, akaenda zake.

Wakaliegemeza kwa mawe, wakalielekeza liinamie kidogo upande, kule mwanga utakakopitia Mpokezi akiziba jua.

Jua lilipofika kichwani, taifa lilikuwa limekusanyika. Wenye Maono walipangwa mstari na nishani zao, kila mmoja mgeni wake amejaa ndani, wanarukaruka mahali pamoja kwa hamu, wameshikwa mikia na askari. Povu alikuwa wa kwanza, na askari wawili nyuma yake kwa ajili ya miayo. Huko juu, Mpokezi alikuwa ameshafika. Hakuhitaji kualikwa, alizoea ngoma.

Waziri Kizibo akapanda jukwaani. "Wananchi, wa nje na wa ndani! Wengine wanauliza, kwa nini tupande? Nami nawauliza, kwa nini tukae? Juu ndiko ulikotoka utamu. Juu ndiko…"

Mpokezi akasogea karibu. Na aliposogea, lile tumbo lake kubwa likaziba jua. Juu kukawa giza.

Mwale mmoja, uliopita ubavuni mwake, ukalikuta gamba la kome. Na soko lote, matope yote, kila jani lililooza chini ya bwawa likawaka. Ilikuwa kama asubuhi imeamua kutokea chini.

"Mwanga!" akapiga kelele Povu, akageuka, akaruka kichwa chini, askari wawili wakiburutwa naye. Wenye Maono wote wakamfuata wakitimka kama mvua ya mawe. Jukwaani, Waziri alisema "Juu ndiko" mara nyingine, lakini tumbo lake lilikuwa limeshaelewa vingine. Papasi zikasimama, jicho likampanuka. "Samahani wananchi," akasema kwa adabu, akaruka kwa mkao ule ule wa tumbo mbele, joho linapepea, akatua kwenye matope hadi kiunoni.

Huko juu Mpokezi alifungua mdomo, akavuta. Akapata maji, utepe mmoja wa nishani, na ngoma. Akaitema ngoma. Akakaa kidogo na mdomo wazi, kama mtu aliyesahau alichokuwa anataka kusema, kisha akageuza mkia akaenda upande wa pili wa bwawa.

Chini kwenye gamba watu walisongamana wakicheka, paji la uso kwa paji la uso, wameshiba mwanga. Waziri alijikwamua, akafuta joho, akatazama huku na huku. Taifa zima lilikuwa linamngoja aseme wako wapi.

"Tumefika," akasema.

Watu wakashangilia mpaka maji yakachafuka. Jioni ile ile Wizara ilitoa tangazo kwamba Juu imehamishiwa nyuma ya soko kwa manufaa ya umma, kwamba imekuwa hapo siku zote, na kwamba mwenye kusema alifukua ameiba. Ofisi zikaanza kuhama. Mawakili wawili nao walikuwa wameshaanza kesi mpya, kama wageni waliofika Juu bila kuliwa wahesabiwe wamefika au bado.

Nyamizi alikaa na Chururu pembeni ya gamba, wanatafuna mwani, matope yamewaganda mwilini.

"Hujawaambia ukweli," Nyamizi akasema.

"Upi, shoga? Mimi nimegeuza gamba. Kusema wamesema wao." Chururu akajipangusa mdomo. "Ningesema mimi, nani angesikia? Na ningesema vizuri, wangenifunga kitambaa, na mdogo wangu angekuwa tumboni mwa perege sasa hivi." Alilitaja jina lile kwa sauti yake yote. Hakuna aliyegeuka.

Povu alikuwa anatoka kwenye kundi la watu. Wageni wake wote wawili walikuwa bado wamo, wanaonekana, na Chururu, kwa mara ya kwanza, alikuwa anawatazama bila kuona haya, kama mtu anayewakazia macho wapangaji wabaya. Povu alifika akakaa katikati yao wawili. Hakuruka wala hakupiga miayo. Mwanga ulikuwa umemzunguka na hapakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Akaangaza huku na huku.

"Dada," akasema, "huku juu pazuri."

"Pazuri sana. Kaa."

"Ila sikujua kama kuna matope hivi."

"Ndivyo kulivyo huku juu," Chururu akasema, akamsogezea mwani. "Kula."